Faili Lililogoma Kupungua

Kuna mama mmoja wa Busunzu aliyenyimwa miche ya kahawa mbele ya watu kwa sababu ya kitu nilichokifanya mimi kwenye kompyuta. Nataka kuandika ilivyokuwa, maana nimeona kwamba kila nikisimulia kwa mdomo kosa langu linapungua kidogo na la wengine linaongezeka. Siku zile niliandika kila kitu kwenye daftari langu la nyumbani, kwa hiyo nitafuata daftari, hata pale ambapo halinipendezi.

Mimi si mtu wa kompyuta. Niliishia kidato cha pili. Kwenye ushirika wetu wa wakulima wa kahawa hapa Kibondo nilianza nikiwa mtu wa mizani, napima magunia na kuandika, na kwa sababu mwandiko wangu unasomeka wakaniita ofisini niwe karani. Wakanipeleka Kasulu wiki mbili nikajifunze kwa bwana mmoja mwenye duka la vifaa vya ofisi. Wazazi wake walitokea Tanga, na Kiswahili chake kinateleza kuliko chetu. Ndiye aliyetutengenezea kanzidata, yaani rejista ya wanachama iliyomo ndani ya kompyuta. Yote ilikuwa faili moja, kwenye kompyuta moja ya mezani, na karani mmoja.

Sasa, huku kwetu majina hayawatoshi watu. Pacha wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, anayezaliwa baada ya mapacha lake. Mtoto wa saba ana jina la wa saba, wa nane la wa nane. Mzazi hachagui, jina linamsubiri mtoto. Waha tuko hivyo na Warundi wako hivyo. Ukiongeza majina ya ubatizo ambayo kila kanisa linayarudia, katika kijiji kimoja unapata watu watatu wanne ambao kwenye karatasi ni mtu mmoja. Mwaka wa kuzaliwa hausaidii, kwa sababu karani aliyenitangulia, kila aliyesema hajui, alimwandikia mwaka uleule. Simlaumu, aliambiwa nafasi isibaki wazi.

Ndipo nikapata wazo la picha. Lilikuwa langu, na nililionea fahari. Kila mwanachama nilimpiga picha kwa simu, nikaibandika ndani ya faili pembeni ya jina lake. Mwenyekiti alifurahi. "Sasa hata kama ni pacha wa kwanza wa kijiji kizima, sura hatabadilisha," alisema.

Mwaka wa kwanza faili lilikuwa jepesi. Mwaka wa pili likaanza kuchelewa kufunguka, nikawa nalifungua, naenda kuchemsha chai, narudi. Mwaka wa tatu nilikuwa nakunywa na chai yenyewe. Sikuuliza mtu. Nilidhani kompyuta imezeeka, na nilidhani pia kwamba nikiuliza wataona sijui kazi. Hili la pili ndilo lililokuwa na nguvu zaidi.

Kisha ukaja msimu wa miche. Kitalu kilikuwa upande wa Kasulu, Kagerankanda, na msimamizi wake alitaka orodha ya wanachama waliochimba mashimo, kijiji kwa kijiji, iliyochapwa, ndipo alete lori. Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza. Mche wa kahawa ukichelewa kuingia ardhini, kiangazi kinaukuta bado mchanga, na hapo umepoteza. Kila mtu alilijua hilo. Mimi nilikuwa na wiki moja kuingiza wanachama wapya na kutoa orodha.

Siku ya kwanza niliingiza wanane. Wa tisa akakataa. Yalitokea maneno mawili ya Kiingereza, nikayatafuta kwenye kamusi, neno moja moja, nikapata: hoja batili. Nikamwita mwenyekiti aje aone.

"Hoja gani?" alisema mwenyekiti. "Nani ametoa hoja humu?"

"Sijui mzee. Ndivyo inavyosema."

"Mimi ndiye mwenyekiti, sijapokea hoja yoyote. Iambie."

"Haisikii, mzee."

"Basi wewe unaisikia. Fanya uelewane nayo, Ijumaa msimamizi wa kitalu anataka orodha." Akachukua kofia yake akaenda shambani. Si kwamba alipuuza. Hakuwa na la kufanya, na alikuwa na mashimo yake mwenyewe ya kuchimba.

Nikatazama ukubwa wa faili. Lilikuwa limefika karibu giga mbili. Hapo nikakumbuka kwamba yule bwana wa Kasulu aliwahi kutuambia giga mbili ndiyo mwisho wa aina hii ya faili, likifika hapo halipokei tena. Alisema. Nilikuwa nimeliandika hata hilo, ukurasa wa nne wa daftari la mafunzo, pamoja na maneno mengine ambayo wakati ule sikuyaelewa.

Nikawaza kama mtu wa ghala anavyowaza: ghala likijaa, toa. Picha ndizo nzito, basi nitoe picha. Nikaanza na za zamani, wale tuliowaandikisha mwanzo, na wengi wao walikuwa wa Busunzu. Nilifuta picha moja baada ya nyingine tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri iliposikika kutoka msikiti wa sokoni. Nikafunga faili, nikatazama ukubwa wake.

Ulikuwa uleule. Hata chembe haikupungua.

Siku ya pili nikafuta nyingine. Uleule. Nikazima kompyuta, nikawasha, nikatazama: uleule. Nilipata hasira ambayo nikiisoma leo kwenye daftari naona aibu. Nimeandika kwamba chombo hiki kinanidharau. Nimeandika kwamba ukitoa debe mbili kwenye gunia, gunia halibaki vilevile, labda uwe unarogwa. Nimeandika pia kwamba pengine tatizo ni mimi, kwamba mwenye elimu angekuwa amemaliza. Maneno hayo matatu yako ukurasa mmoja, na sikuona kwamba yanapingana.

Siku ya tatu ndiyo niliyoharibu. Nilijiambia, kama si picha, basi ni majina yaliyorudiwa. Nikapanga orodha kwa herufi nikatafuta waliojirudia: jina lilelile, kijiji kilekile, mwaka uleule wa kuzaliwa. Niliwapata wengi. Kila penye wawili nilimfuta mmoja. Picha ambazo zingenionyesha kwamba hawa ni watu wawili nilikuwa nimezifuta mwenyewe siku mbili kabla. Sikulifikiria hilo hata mara moja. Nilikuwa natazama ukubwa tu, na wakati ule sikuona watu kwenye ile orodha, niliona uzito.

Na ukubwa ulikuwa uleule.

Siku ya nne nilimpigia yule bwana wa Kasulu. Nilimweleza kila kitu isipokuwa la majina. Akacheka, kicheko cha mtu aliyetulia dukani kwake.

"Kaka, hilo faili halitoi pumzi mpaka ulibane," alisema. "Ukifuta kitu, linaficha tu. Nafasi yake inabaki tupu lakini bado ni yake. Wewe umehamisha wapangaji, vyumba hujavibomoa."

"Sasa nibomoe vipi?"

"Nilikufundisha. Kuna amri ya kubana. Hukuiandika?"

"Niliiandika," nilisema. Na kweli ilikuwepo, ukurasa wa nne: kubana kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimedhani ni kubana kwa ajili ya kutuma.

"Na picha nani alikuambia uzibandike ndani? Picha zinakaa nje, kwenye folda yake, ndani unaandika tu zilipo. Ukibandika ndani zinavimba. Hiyo ya ndani sikukufundisha, hiyo umeleta wewe."

"Ni mimi."

"Haya. Kabla hujabana, umeweka nakala pembeni? Ukishabana, kilichofutwa hakirudi. Hata mimi sitakirudisha."

Hapa nataka niandike kweli. Nakala sikuwa nayo. Ofisi ilikuwa na flashi moja tu na ilikuwa imejaa video ya sherehe ya kumuaga binti wa mwenyekiti, na nilipomwomba nifute alisema binti mwenyewe bado hajaiona. Flashi aliinunua yeye, ilikuwa haki yake. Ningeweza kuazima nyingine. Ningeweza kumwambia huyu bwana kwamba sina. Lakini alikuwa amekwisha kucheka mara moja, na sikutaka acheke mara ya pili.

"Nimeweka," nikasema.

Nikabana. Ilichukua muda mfupi kuliko chai. Nilipotazama, faili lililokuwa karibu giga mbili lilikuwa mega mia mbili na kitu. Niliinuka kwenye kiti. Nikamwita mwenyekiti tena, akasoma ile namba, akanishika bega. "Unaona? Mmeelewana," alisema. Nikaingiza waliobaki bila hoja yoyote, nikachapa orodha, Ijumaa ikafika kwa msimamizi wa kitalu. Niliandika kwenye daftari kwamba nimeshinda.

Lori lilikuja Busunzu Jumanne iliyofuata. Tuliweka meza chini ya kibaraza cha shule. Msimamizi wa kitalu alishika orodha, mimi nilishika wino wa dole gumba. Watu walipanga foleni vizuri, kila mmoja na jembe au na mtoto wa kumsaidia kubeba. Wanachama hatukuwa tumewapa kadi bado, kwa hiyo jina ndilo lilikuwa kila kitu.

Saa tano hivi akafika mama mmoja wa makamo, amejifunga kitenge cha njano. Nilimkumbuka sura. Familia yake ilitoka Burundi akiwa msichana, walikaa kambini, baadaye wakapata uraia, na shamba lake ni miongoni mwa mashamba safi kabisa ya kijiji hicho. Alikuwa amechimba mashimo mia mbili. Afisa ugani alikuwa ameyahesabu mwenyewe na kuyasifia.

"Mwakeye," alitusalimia.

"Mwakeye, mama."

Akataja majina yake. Msimamizi akashuka na kidole kwenye orodha, akafika, akasimama.

"Mama, wewe umeshachukua."

"Sijachukua."

"Hapa pana dole gumba. Miche mia na hamsini, asubuhi hii."

"Huyo ni mwenzangu. Ni pacha wa kwanza kama mimi. Anakaa kule kanisani."

"Basi wewe uko wapi?"

Akageuza orodha. Mimi nilikuwa nimekwisha kujua. Nilijua kabla hajamaliza kugeuza. Nyuma kwenye foleni watu wakaanza kunong'ona, na mzee mmoja, ambaye kwa kawaida si mtu mbaya, akasema kwa sauti ya kusikika, "Hao wamezoea foleni za mgao. Anapanga kwa jina, anarudi kwa jina lilelile." Wachache wakacheka.

Mama hakugeuka. Alimtazama msimamizi. "Mwanangu, mimi maisha yangu yote ni orodha," alisema. "Kambini orodha, uraia orodha, sasa kahawa. Hata siku moja sijawahi kuchukua mara mbili. Siku nikikosekana huwa nimekosewa."

"Nakuamini, mama. Lakini mwaka jana kijiji kingine walinidanganya hivihivi, na nililipia mimi kwa barua ya onyo. Bila orodha sitoi."

Watu wengine walimtetea, lazima niliseme hilo. Mwenzake wa jina aliitwa, akaja akikimbia, akasema yeye ndiye aliyechukua na huyu ni mtu mwingine, jamani kwani hamna macho. Msimamizi akasema macho anayo, anachokosa ni karatasi. Akanigeukia. "Karani, mlisema mna picha. Picha yake iko wapi?"

Nilisema kuna hitilafu kwenye kompyuta. Ndivyo nilivyosema, hitilafu, kana kwamba imeingia yenyewe kama panya. Msimamizi akaandika pembeni ya orodha, akasema miche mia mbili itarudi Kagerankanda na ataishikilia mpaka Jumamosi. Baada ya hapo itakwenda Kakonko, kuna watu wanaisubiri. Mama akachukua jembe lake akaondoka, na foleni ikasogea mbele kujaza nafasi yake.

Kesho yake nilipanda gari la asubuhi kwenda Kasulu. Yule bwana wa duka alikuwa anakata karatasi. Nikamwambia yote, safari hii pamoja na majina na nakala ambayo haikuwepo. Hakucheka. Ningependa angecheka.

"Kwa nini ulisema unayo?"

"Niliona haya."

"Haya," alisema, akaweka mkasi chini. "Ungeniambia huna, ningekuja mwenyewe na flashi. Ungeona haya kwangu kidogo, ukanywa maji, yakaisha."

Kisha akasema pengine iko nakala ya zamani kwake, kwa sababu alipokuja mara ya mwisho kututengenezea printa alijichukulia moja bila kutuambia. Ni jambo ambalo nadhani hakuruhusiwa kulifanya, na sikulisema. Tulikaa nusu saa faili likifunguka. Lilikuwa lile zito, lenye picha zangu zote ndani, limevimba vilevile. Tukamtafuta. Alikuwepo, pacha wa kwanza, na mwenzake mstari wa chini yake, pacha wa kwanza, jina lilelile, mwaka uleule, nyuso mbili tofauti kabisa. Mmoja alikuwa anacheka kwenye picha. Huyu wetu alikuwa ametazama kamera kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho kwa mara ya kumi.

Tulichapa kurasa zao zote mbili. Tukatafuta pia wengine niliowafuta kama marudio. Kumi na moja walikuwa watu kweli. Tisa hawakuwa wamechimba mashimo msimu ule, na wawili walikuwa wamehama. Ni bahati, na sikuifanyia kazi bahati hiyo.

Ijumaa nilikuwa Kagerankanda na karatasi zangu. Msimamizi alizisoma zote mbili, akalinganisha picha, akatia sahihi. Lakini miche mia mbili haikuwepo tena. Mingine ilikuwa imevunjika njiani kurudi, mingine viriba vyake, vile vifuko vya udongo, vilikuwa vimepasuka na mizizi kukauka, na mche wa hivyo ukiupanda haushiki. Tulichagua pamoja. Tulipata mia na thelathini. Nilimwuliza kama atampa sabini nyingine msimu ujao. Alisema ataandika, na akaandika kweli mbele yangu, lakini alisema pia kwamba kitalu si chake.

Nilipomfikishia, kwa bodaboda mbili, mama alikuwa anapalilia maharage. Hakuniambia asante wala hakunigombeza. Alihesabu miche, akaanza kuipanga kivulini, yenye afya upande mmoja na dhaifu upande mwingine. Nilimsaidia kupanga. Nikamweleza la kompyuta, ghala, kubana, picha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," alisema. "Kahawa nimeiona. Na wale waliocheka, wao utawaambia lini?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani kazi imekwisha.

Mkutano wa wanachama ulikuwa wiki tatu baadaye, kwenye kibaraza kilekile. Mwenyekiti aliweka jambo langu kwenye mengineyo, mwisho kabisa, watu wakiwa wamekwisha kuanza kutafuta kandambili zao. Alifanya hivyo kwa kunihurumia. Nikasimama. Nikasema kwamba yule mama hakurudi mara mbili, kwamba yeye na mwenzake ni watu wawili, na kwamba mimi ndiye niliyemfuta.

"Umemfuta vipi na amekaa pale?" mtu akauliza, watu wakacheka, na mimi nusura nicheke nao. Nikasema nilimfuta kwenye kompyuta, faili lilikuwa limejaa, kulikuwa na hitilafu. Yule mzee wa foleni akatikisa kichwa kunikubalia, kama mtu anayesema vyombo hivi bwana. Nikakaa.

Mama akanyoosha mkono. Mwenyekiti akamruhusu.

"Naomba karani aseme tena kwa Kiha," alisema. "Kuna wazee hapa Kiswahili hakiwafikii vizuri."

Nikasimama tena. Kwa Kiha hitilafu sina neno lake. Kompyuta ningeweza kuitaja, lakini sikuona mahali pa kuiweka kwenye sentensi. Nilijaribu kuanza mara mbili. Mwisho nikasema lile ambalo lugha ya nyumbani iliniachia: kwamba nilimwondoa mimi, kwa mkono wangu, bila kumtazama, na siku alipoitwa mwizi nilikuwepo nikanyamaza.

Safari hii hakuna aliyecheka. Yule mzee alitazama chini. Mama akarekebisha kitenge chake akakaa, na mwenyekiti akafunga mkutano.